Dubu Aliyeinama

Wifi yangu Wan-ching ana kazi ambayo ukianza kumweleza mtu wa sokoni, chai itapoa mkononi mwake. Ni mtaalamu wa uchambuzi wa tabia. Anafundisha watoto wenye usonji, anafundisha na walimu wao, na mara moja kwa mwezi husimama mbele ya wazazi katika ukumbi wa mtaa wetu hapa Chiayi, akiwaonyesha namna ya kutenga habari ya kuaminika na habari ya kutupa jalalani. Mimi humbebea spika, kwa sababu nina gari na kwa sababu napenda kumwona akisema. Nyumbani ni mpole mpaka anachosha. Ukumbini ni mtu mwingine kabisa.

Jumamosi ile alikuwa ameshika kipaza sauti kama ameazimwa dunia. "Mtu akikwambia mwanao atapona kabisa, usimbishie, muulize tu," aliwaambia. "Nani kasema? Kapima vipi? Na hapo katikati anakula nani?"

Wazazi wakacheka, hasa kwa hilo la mwisho. Wanajua nani anakula. Baba mmoja akapiga meza kwa furaha.

Ndipo mama mmoja aliyekaa karibu na mlango, mwenye kofia ya jua ambayo hakuivua hata ndani, akanyoosha mkono. Hakusubiri kuitwa.

"Samahani, Mwalimu. Huyu hapa si wewe?"

Alikuwa ameinua simu yake. Wan-ching akasogea, akiwa bado na tabasamu la utani wake, akaitazama. Nilimwona tabasamu likimtoka usoni. Nikaacha spika nikaenda kuchungulia.

Ulikuwa ukurasa wa watu wanaojiita Nyumba ya Ubongo Safi, walioko juu milimani. Hawa hubandika watoto plasta nyuma ya masikio, huwakataza unga, maziwa na mayai, na huwaamuru wazazi waache masomo mengine yote ili, kwa maneno yao, nguvu zisigombane. Chini kulikuwa na ushuhuda wa mama mmoja: "Dada yangu ni mtaalamu wa tabia mwenye cheti, naye ameafiki." Na chini ya ushuhuda, picha iliyopigwa kutoka kwenye simu: kundi la simu la ukoo wetu, jina kamili la Wan-ching, na dubu mweupe wa katuni ameinama, ameunganisha mikono, maneno makubwa yakimng'aa tumboni. *Vizuri sana! Asante!*

"Ni mimi," Wan-ching alisema. Kipaza sauti kilikuwa bado mdomoni, kwa hiyo ukumbi mzima ulisikia. "Lakini ile ni... ni adabu tu. Ni stika ya adabu."

"Adabu," yule mama akarudia. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Mimi mwanangu yuko huko tangu mwezi wa pili. Nilimpeleka baada ya kuona hiyo adabu yako."

Kwa asiyeujua ukoo wa Tseng, nieleze. Tuna kundi la simu la jamaa wote, kuanzia hapa mpaka Taipei, mpaka binamu yetu aliyeko Kanada anayeulizia baridi. Mwenye kundi, kwa umri na kwa sauti, ni Shangazi Chin-lien. Ana duka la biskuti za mraba nyuma ya soko la mashariki, na kila alfajiri, kabla hajawasha matanuri, hututumia kitu. Ua la yungiyungi lenye maneno ya asubuhi njema. Onyo kwamba usile kaa ukashushia na tunda fulani. Video ya daktari fulani, au anayevaa kama daktari. Kisha ujumbe wa sauti, mrefu, unaoanzia kwenye goti lake na kuishia haujulikani wapi.

Nasi humjibu kwa stika. Hatufungui kitu. Mkubwa akituma, unashukuru, basi. Na simu yenyewe ni mchongezi, inaonyesha ujumbe umesomwa na wangapi, kwa hiyo ukisoma ukakaa kimya umejiandika kuwa huna malezi. Kila mmoja ana mnyama wake. Mimi nina sungura anayepiga makofi. Wan-ching ana dubu. Siku Shangazi alipotuma video ya Ubongo Safi, wifi yangu alikuwa kwenye foleni ya wali wa bata mzinga, simu mkono mmoja, mwamvuli mkono wa pili. Akabonyeza dubu. Nami nikabonyeza sungura, ila mimi nauza miwani. Sungura wangu hampeleki mtoto wa mtu mlimani.

Mkutano ulikufa pale pale. Wan-ching alitoka nje na yule mama wa kofia, wakasimama kando ya pikipiki, akamweleza kwa kirefu, nami kwa mbali nilimwona akiinama. Aliinama mara nyingi sana. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, akapanda pikipiki yake, akasema neno moja tu kabla hajaondoka.

"Ungesema."

Garini nilijaribu kumpoza. Nikamwambia kosa ni la yule aliyeandika ushuhuda. Wan-ching akanigeukia macho mekundu. "Aliyeandika ni Su-yin, wifi. Nipeleke kwa Su-yin."

Su-yin ni binti wa baba yake mdogo, kwa hiyo ni mdogo wake kwa hesabu zetu. Anakaa juu ya duka la vigae nyuma ya stesheni ya treni, na mumewe Kuo-wei, fundi wa vioo, na binti yao wa miaka minne, Ningning. Ningning ana usonji. Mwaka jana, kwenye masomo ya hospitali, walimfundisha kuomba kwa kadi ya picha. Alikuwa na kadi ya biskuti. Aliichukua mwenyewe, akaibandika kiganjani mwa Shangazi, akasubiri, na Shangazi alilia huku anampa biskuti, kisha akatupigia simu wote mmoja mmoja.

Tulipoingia, mtoto alikuwa sakafuni akipanga vifuniko vya chupa. Alikuwa amekonda. Nyuma ya kila sikio palikuwa na plasta ya kahawia, na ngozi iliyozizunguka ilikuwa nyekundu.

"Dada! Wifi! Hata simu hampigi," Su-yin alifurahi, akaanza kutafuta vikombe. "Mmekula? Msiniambie mmekula, mnaonekana na njaa kabisa."

"Su-yin, kaa kwanza. Nani alikwambia uache masomo ya hospitali?"

"Wao wenyewe. Si nguvu zinagombana."

"Na nafasi yake?"

"Wamempa mtoto mwingine. Foleni unaijua." Akasimama na kikombe mkononi. "Mbona unaniuliza kama polisi?"

"Kwa nini hukuniuliza kabla?"

Su-yin akacheka, kicheko cha mtu anayedhani anataniwa. "Nikuulize mara ngapi? Shangazi alikuuliza, ukajibu. Mimi siku ile nilikaa naikodolea simu mpaka macho yanauma. Nikasema, Dada akikataa, basi. Akinyamaza, basi. Ukatuma dubu. Kuo-wei ndiye alikuwa hataki, anasema hawa ni matapeli. Nikamwonyesha dubu wako. Akasema, kama mtaalamu kakubali, mimi mkata vioo ni nani."

Wan-ching akamsogelea. "Su-yin. Yule dubu namtuma kwa kila kitu."

"Kila kitu gani?"

"Kila anachotuma Shangazi. Maua. Kaa. Sikuifungua video. Sikuiangalia hata kidogo."

Basi hapo ndipo nilipotamani kuwa kwingine. Su-yin aliweka kikombe mezani taratibu, akamtazama mwanawe, akatazama mlango wa friji ambako ile kadi ya biskuti ilikuwa imebanwa kwa sumaku, juu sana, mahali ambapo mtoto hafiki.

"Kumbe," alisema. "Kumbe mwanangu naye ni ua la asubuhi njema."

Wan-ching hakujitetea. Alisema amekosa, akasema tena. Akasema plasta zitolewe, masomo yatafutwe upya, yeye mwenyewe atakwenda naye hospitali wakajiandikishe mkiani mwa foleni. Su-yin alikuwa anatikisa kichwa.

"Husikii. Jumatatu anakwenda kambini."

"Kambi gani?"

"Huko huko kwao, mlimani. Kambi ya ukimya. Siku kumi, wazazi haturuhusiwi kuingia wala kupiga simu."

"Usimpeleke!"

"Na nafasi kaomba Shangazi! Kawapigia, kabembeleza, katangazia soko zima. Nikimkatalia atauliza nani kanikataza. Nitasema nani?"

"Sema mimi."

"Wewe ndiye uliyekubali, Dada! Mbele ya ukoo mzima, na dubu juu!" Sasa sauti ilimpanda, na Ningning akaziba masikio juu ya zile plasta. Su-yin akaishusha. "Kuo-wei hataniamini mimi. Shangazi hataniamini mimi. Ulisema mbele za watu, kafute mbele za watu. Ukishindwa, mimi Jumatatu nitampeleka, maana sina pa kushika."

Tukatoka. Kesho yake, Jumapili, ilikuwa siku ya kusafisha makaburi, ukoo wote ungekuwa pamoja, na keshokutwa yake mtoto angekuwa mlimani mikononi mwa watu wasioruhusu hata simu. Ungedhani mwenye kushika kipaza sauti vile angekwenda moja kwa moja kwa Shangazi. Hakwenda. Shangazi ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, kati ya matanuri na magunia ya unga, na sijawahi kumsikia Wan-ching akimwambia hapana, hata kwa kipande cha biskuti.

Alikaa garini akaandika. Nilimsubiri kwa uvumilivu, nikidhani anaandika ukweli. Akanisomea. "Ndugu zangu wapendwa, kwa faida ya familia zote, hivi hapa ni vyanzo vya kuaminika kuhusu usonji." Kisha vyenyewe, vizuri kabisa, sisemi: kituo cha serikali cha watoto wanaochelewa kukua, idara ya watoto ya hospitali, chama cha wazazi, mahali pa kuangalia kama mtaalamu ana ithibati kweli, na tovuti ya chuo kimoja inayoeleza utafiti kwa lugha ya watu wa kawaida.

"Mbona Ubongo Safi hujawataja?" nikamuuliza.

"Wakivisoma hivi wataelewa wenyewe."

"Wataelewa nini? Hapo unauma na kupuliza. Tena hata kuuma hujauma."

"Wifi, ni Shangazi."

Akatuma. Shangazi ndiye aliyewahi: yungiyungi lenye maneno ya shukrani. Akafuata paka anayecheza ngoma. Baba Mdogo akatuma mzee mwenye kidole gumba. Binamu wa Kanada akatuma moyo. Kisha Kuo-wei, babake Ningning, ambaye naamini hakuwa na nia mbaya hata chembe, akatuma dubu mweupe. Ameinama, mikono imeunganishwa. *Vizuri sana! Asante!*

Wan-ching alicheka. Alicheka mpaka nikacheka naye, halafu nikagundua amegeukia dirishani na kwamba hacheki tena. Safari hii sikumpoza. Kwanza nilikuwa na hasira naye, na pili kidole changu kilikuwa kimeshabonyeza sungura kwa mazoea, kabla sijajua kimefanya nini.

Asubuhi tulikwenda makaburini na mundu na mafagio kama kila mwaka. Wanaume walikata majani, sisi tukaosha jiwe, watoto wakabana karatasi za manjano juu ya udongo kwa vijiwe. Ningning alipenda vile vijiwe, akavipanga. Shangazi alikuwa amevaa koti lake zuri. Mbele ya kaburi la baba yake alishika ubani, akasema kwa sauti, ili wafu nao wapate habari: "Baba, kesho kitukuu chako anakwenda kutibiwa. Mwangalie. Akirudi atakuita jina."

Nilimtazama Wan-ching. Alikuwa anang'oa nyasi mahali pasipo na nyasi.

Chakula kilikuwa kwa Shangazi, chumba cha nyuma ya duka, panaponukia sukari na ufuta hata sikukuu. Mezani zilikuwa chapati nyembamba za kukunjia, kabichi, mayai yaliyokatwa nyuzi nyuzi, nyama, na bakuli la karanga za kusaga na sukari. Ningning aliwekewa wali mtupu na kipande cha boga. Aliketi chini karibu na rafu ya makopo ya biskuti, mgongo ameyapa makopo.

"Kesho nitafunga duka," Shangazi alikuwa akimwambia Baba Mdogo. "Mimi mwenyewe nitawasindikiza mpaka getini. Hao watu si mchezo, wewe. Mpaka wataalamu wanawakubali." Akamnyooshea Wan-ching kidole chenye karanga, kwa fahari. "Kama huyu wetu."

Su-yin akaacha kula. Alimtazama dada yake ng'ambo ya meza, macho makavu. Nami chini ya meza nilimkanyaga Wan-ching mguu, na mpaka leo sijui nilikuwa namwambia aseme au anyamaze.

Alisimama. Chapati yake ilikuwa bado mkononi, haijakunjwa, kabichi inadondoka.

"Shangazi, Ningning asiende kambini."

"Ala! Kwa nini?"

"Wale watu si wa kweli. Hakuna hata mmoja wao mwenye ithibati, hawajapima chochote, na wamemwondoa mtoto kwenye masomo yaliyokuwa yanamsaidia. Mtazameni alivyokonda. Akienda huko peke yake, mimi sijui atarudi vipi."

"We mtoto," Baba Mdogo akaanza, "leo siku ya wazee, chakula kiko mezani, mambo hayo..."

"Mwache aseme," Shangazi alisema. Hakukasirika, alishangaa tu. "Wan-ching, si wewe uliyesema vizuri sana?"

"Nilituma dubu. Sikuifungua video, Shangazi. Huwa... huwa sifungui."

Kuo-wei aliweka bakuli chini kwa kishindo, akasema neno ambalo halisemwi mbele ya wazee, na hakuna mzee aliyemkemea. Shangazi akawa anafuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kisha akaomba simu yake. Nikampa.

"Na hii je? Hii nayo hukufungua?"

Akapekua kurudi nyuma, miezi saba, kwa kidole chake kinene cha kukandia unga. Akabonyeza. Sauti yake mwenyewe ikatoka ndani ya simu, na chumba kizima kikaisikiliza kana kwamba kuna mgeni ameingia. Ilianza na goti. Ikaenda kwenye tanuri la pili ambalo linaunguza upande mmoja. Ikasema mvua imekataa. Mtu wa kawaida angekuwa ameshakata. Kisha ikasema:

"Wan-ching, mwanangu. Nimeweka hapo juu video ya watu wa plasta, jirani kanipa. Mimi sijasoma, maneno yao yananipita. Wewe ndiye unayeyajua haya. Ni wa kweli hawa, au matapeli? Ukisema hapana, Su-yin aachane nao. Haya, nenda kale, usikae na njaa."

Chini ya ujumbe ule, kwenye kioo cha simu, dubu alikuwa ameinama.

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Na wala usidhani aibu ilikuwa ya Wan-ching peke yake, kwa sababu mezani pale tulikuwa watu kumi na zaidi, na nyuso zote zilikuwa zimeshuka kwenye sahani. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuusikiliza, isipokuwa Su-yin. Nilikumbuka sungura wangu anavyopiga makofi, nikaona uso unaniwaka.

"Nilijua umesikiliza," Shangazi alisema. "Nikashangaa kidogo, mbona haraka hivyo. Nikasema, ah, msomi bwana."

Wan-ching alipiga magoti. Si desturi yetu tena, siku hizi, lakini alipiga. Shangazi akamshika kiwiko akamwinua kwa nguvu, kama anavyoinua gunia, na wala hakumkumbatia. Akaishika simu karibu na mdomo, akabonyeza kitufe cha sauti.

"Ninyi wote, sikilizeni. Ningning haendi kambini. Wale watu ni matapeli. Wan-ching alinikanya tangu mwanzo, mimi na uzee wangu ndiye nisiyesikia. Kosa langu. Haya, tunakula."

Ukaenda. Na safari hii, kwa sababu ulikuwa mfupi, watu walisikiliza. Simu zikaanza kulia kutoka Taipei, kutoka Kanada. Kidole gumba. Maua. Nyota. *Hongera msomi wetu! Tunajivunia!* Kilemba cha ukoka kikawa kinamshukia kichwani mbele ya macho yetu, huku mwanamke mzee aliyebeba kosa lake akijikunjia chapati.

Wan-ching akaitoa simu yake. Shangazi akamwona. "Weka chini hiyo."

"Shangazi..."

"Nimesema weka. Una kazi ya watu. Mimi nauza biskuti, wakinicheka wananunua vile vile."

Akaandika hivyo hivyo, amesimama. Nilikuwa ubavuni mwake, nikaona kila neno: *Si kweli. Sikumkanya. Shangazi aliniuliza kabla ya yote, kwa sauti yake, nami nikajibu dubu bila kusikiliza. Kwa sababu yangu Ningning amepoteza masomo yake. Na kuna mama mwingine aliyeniamini hivyo hivyo.* Akatuma, kabla hajapata nafasi ya kulainisha.

Tukangoja. Idadi ya waliosoma ikapanda, kumi, ishirini, wote. Hakuna paka, hakuna moyo, hakuna yungiyungi. Ukoo wa Tseng ulikuwa umepata habari isiyo na stika.

"Umeniharibia uongo wangu," Shangazi alisema, na sasa ndipo alipolia. "Nilikuwa nakufunika, we mtoto."

"Usinifunike tena."

Su-yin alikuwa ameshashuka sakafuni. Alizibandua zile plasta polepole, akilainisha kwa mate kidoleni kama mama anavyofanya, na Ningning alipiga kelele, kisha akanyamaza. Shangazi akachukua kopo, akalifungua, akamshikia biskuti mbele yake, ile ya mraba yenye ufuta. Mtoto aliitazama. Akautazama mkono. Kiganja chake kikafunguka na kujifunga hewani, kikitafuta kitu ambacho hakikuwepo.

"Kadi," Wan-ching alisema. "Kadi iko wapi?"

"Kwenye friji," Su-yin akajibu. "Nyumbani."

Ningning akarudi kwenye vijiwe alivyovibeba kutoka makaburini. Biskuti ikabaki mkononi mwa Shangazi. Kuo-wei alinyanyuka bila kuaga, tukasikia pikipiki yake ikiwaka, naye akaifuata kadi.

Tulipokuwa tunakusanya vyombo, Su-yin alisimama karibu na Wan-ching kwenye sinki. "Vile vyanzo ulivyotutumia jana. Umevisoma mwenyewe?"

"Vyote."

"Vizuri. Maana nitakuuliza kimoja kimoja. Na usinitumie stika."

"Sitakutumia."

Jioni nilimkuta Wan-ching amekaa juu ya gunia la unga mbele ya duka, simu sikioni. Nilidhani anaongea na yule mama wa kofia, maana alikuwa amempigia mchana kutwa bila kujibiwa. Kumbe alikuwa anasikiliza sauti za Shangazi, za mwaka mzima, moja baada ya nyingine, Shangazi mwenyewe akiwa ndani anafagia. Nikakaa kando yake. Akaniwekea moja nisikie. Goti. Tanuri. Bei ya ufuta. Halafu: "Wan-ching, leo ni siku yako ya kuzaliwa, usidhani nimesahau. Nimekuwekea zile biskuti za kitunguu, ziko kopo la chini. Duka sifungi mpaka upite."

Nikamuuliza kama alipita. Akanionyesha kwenye kioo cha simu alichokuwa amejibu siku ile: dubu, ameinama.